Nimewatembeza Wageni Mpaka kwa Mama Mkwe

Leo sina uso wa kutokea barabarani. Na kabla hamjaanza maswali yenu: kosa si langu! Nasema mapema, maana nawajua tabia zenu humu ndani.

Naandika kwa simu ya mpishi wa gesti. Yangu ipo kwenye sufuria la mchele, imekunywa ziwa.

Wasionijua, mimi ni Gaudensi, Mmatengo wa Ukata, mtoto wa kahawa na mahindi. Tangu gesti zianze kuota huku Mbamba Bay (siku hizi kila mwenye kipande cha mchanga ni mwekezaji), bosi wangu naye akabuni lake: matembezi ya kuongozwa. Mgeni anaamka, anakunywa chai, kisha anatembezwa kwa miguu kuuona mji na fukwe zake. Mtembezaji ni mimi. Kofia ninayo. Filimbi ninayo. Kuogelea sijui, lakini hilo bosi hakuniuliza, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua.

Sasa leo haikuwa siku ya mchezo. Nimeposa hapa hapa, kwa Wanyasa, watu wa ziwa. Binti anaitwa Skola, fundi cherehani pale karibu na soko. Baba yangu mdogo alishapeleka posa pamoja na zawadi ya mama, na leo jioni ukoo wao ulikuwa unakaa kutoa jibu. Na wapo waliokuwa wananung'unika. "Mtu wa milimani huyo, mtumbwi wenyewe anaupanda kwa magoti!" Kwa hiyo nilitakiwa niishi leo kama malaika, basi, mpaka jioni.

Tena kuna mama mkwe. Kwa desturi, kijana aliyeposa na mama wa binti hawatazamani wala hawasemezani mpaka jibu litoke. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia majanini. Na anayeingia ni nani? Ni mimi! Nimeingia majanini tangu posa iende, suruali zangu zote zimejaa mbigili. Heshima hiyo nimeitunza kuliko kitu chochote. Naomba mlikumbuke hilo mtakapofika mwisho.

Asubuhi wageni wakatoka. Ni watu wa ofisi moja kutoka Dar es Salaam, wako likizo, na kiongozi wao ni Dada Rehema. Dada Rehema hatembei, anapigwa picha. Kufika tu kwenye gati alikuwa ameshabadilisha kofia mara mbili na miwani mara moja. Mkoba wake una nguo kuliko duka la mitumba la Kitai. (Kumbukeni na hilo, ni ushahidi wangu.)

Tukaenda vizuri. Nikawaonyesha gati, nikawaonyesha soko la samaki, nikawaonyesha ng'ambo kule kwenye milima ya Malawi. Watu wanaitikia, wanafurahi. Nikajisemea moyoni, Gaudensi, leo umepata.

Tulipofika kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, bwana mmoja mwenye kitambi akainama, akanusa, akauliza, "Hawa ni wa kulisha kuku?"

Kuku! Usipa! Damu ilinipanda. Mimi ni mtu wa milimani, ndiyo, lakini usipa umenikuza. Nikasimama nikamweleza, usipa wa kukaanga, usipa wa kuchemsha na nyanya, usipa unavyopanda kwenye magunia mpaka Mbinga na Songea. Nilipomaliza kumtetea samaki yule, Dada Rehema hayupo. Ametangulia mbele peke yake, kwenye ule mwamba mkubwa.

Huo mwamba niwaeleze. Nyuma yake kuna kighuba kidogo, maji matulivu, na ukikipita unafika kwenye ncha ambako mandhari ni ya kumtoa mtu machozi. Lakini kighuba hicho ndicho bafu la akina mama. Wanafua, wanaoga, wanasengenya. Na alama yake inajulikana na kila mtu, hata mbuzi: penye mti mdogo mwanzoni mwa mwamba, wakiwa ndani hutundika kitenge. Kitenge kipo, mwanamume geuka. Kitenge hakipo, pita. Hakuna mlinzi wala kibao, na hayajawahi kutokea matata.

Nikafika pale na wageni waliobaki. Dada Rehema amesimama juu ya jiwe, na safari hii amejifunga kitenge cha njano chenye samaki wa bluu, kimemkaa barabara. Nikajua ni yale yale ya mkoba wake. Mimi ningejuaje?

"Dada, kitenge kimekupendeza!" nikamwambia.

"Asante, kaka. Hebu nipige moja."

Nikampiga. Kwa mkono wangu huu. Nikampiga na ya pili, akiwa ameangalia ziwa.

Kisha nikapuliza filimbi, nikapanda jiwe, nikawahutubia.

"Ndugu wageni, huku kwetu tuna heshima zetu. Nyuma ya mwamba huu wanaoga akina mama. Wakiwepo, wanatundika kitenge kwenye mti huu hapa. Mwanamume akiona kitenge hapiti, hata akifukuzwa na nyuki! Haya, mnaona kitenge?"

"Hatuoniii!" wakajibu wote.

Na Dada Rehema naye akajibu. Jamani! Mtu amekivaa kitenge chenyewe, kimemfika kwenye vifundo, na anajibu "hatuoni" kwa sauti kuliko wenzake!

"Basi njia nyeupe. Nifuateni."

Nikazunguka mwamba, mimi wa kwanza, kofia kichwani, kifua mbele. Nikasema ile sentensi yangu ninayoipenda, "Na sasa, ndugu wageni, mtaona kitu ambacho hamtakisahau."

Mayowe yaliyotoka pale, nadhani walisikia mpaka ng'ambo.

Mabeseni yaliruka. Maji yaliruka. Vichwa vya akina mama vilizama kimoja baada ya kingine, vikabaki juu ya maji kuanzia puani. Kilichochelewa kuzama ni kimoja tu, cha karibu kabisa, kimejaa povu la sabuni mpaka kwenye nyusi. Kikafumbua jicho moja. Jicho lile nalifahamu, maana mwanawe anakasirika nalo hivyo hivyo.

Mama Skola. Mama mkwe!

Sasa hapo wewe ungefanya nini? Majani hakuna. Ni mchanga, mwamba na maji. Nikafanya jambo la heshima: nikafunika macho kwa mikono miwili, nikageuka nirudi nilikotoka. Mtu mwenye adabu zake. Hatua ya kwanza salama. Ya pili nikakanyaga kipande cha sabuni ya mche.

Nikaingia ziwani mgongo mgongo.

Ndugu zangu, sisi wa milimani maji tunayajua ya kwenye ndoo. Nilikunywa ziwa lile. Nilipiga mikono, nilipiga miguu, nilimtaja Bikira Maria na watakatifu wote wa jumuiya yetu. Nikapiga kelele, "Nakufa! Mwambieni Skola nakufa!"

Sauti ya Mama Skola ikaja juu yangu, pole pole kabisa. "Simama."

"Siwezi!"

"Simama, mwanangu. Maji ya magoti hayo."

Nikasimama.

Yalikuwa hayafiki magotini.

Mara makofi. Makofi, nawaambia! Dada Rehema juu ya mwamba anapiga makofi, bwana wa usipa wa kuku anamuuliza, "Hii nayo imo kwenye matembezi?"

Mama Skola, povu likimshuka, akanyoosha kidole, hakumtazama mtu. "Yule aliyevaa kitenge changu, anirushie."

Nikamgeukia Dada Rehema, hasira zimenijaa mpaka masikioni. "Dada! Kitenge umekitoa wapi?"

"Si kilikuwa kimeachwa mtini? Nikaona kizuri kwa picha."

"Nimewaeleza kuhusu kitenge cha mtini! Nimewauliza mnaona kitenge!"

"Umeuliza kama kipo mtini," akasema. "Mtini hakikuwepo. Halafu wewe mwenyewe si ulisema kimenipendeza? Na picha ulinipiga!"

Akina mama wote wakanigeuzia macho. Mmoja akasema, "Alaa! Kumbe wamepanga." Tumepanga! Mimi nipange njama ya kumwibia mama mkwe kitenge akioga, siku ya jibu la posa? Nimerogwa?

Na bado. Kitenge kile, akina mama wakanijulisha, ndicho zawadi tuliyompelekea sisi wenyewe na posa! Alikichagua baba mdogo kule Mbinga, kikaenda kimefungwa, mimi sikukiona. Kwa hiyo nimempa mama mkwe kitenge, nikasababisha aibiwe, nikakisifia mwilini mwa mtu mwingine.

Nikarudi gesti nimelowa, viatu vinalia kwaa kwaa. Habari ilishafika kabla yangu. Muuza chumvi pale sokoni akainuka kwa heshima zote. "Shemeji, pole na kuzama." Nikaongeza mwendo.

Mlangoni nikamkuta Skola, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi.

"Gaudensi, umefanya nini?"

"Sikuona kitu! Naapa, nilifunika macho!"

"Ulifunika kabla au baada?"

Nikaanza kukamua shati. Akakaa kwenye ngazi akaanza kulia, na hapo ndipo hasira zangu zote zikageuka maji. Ningevumilia kuchekwa na mji mzima, lakini kumkosa Skola kwa sababu ya picha za mtu wa Dar, hapana. Nikakaa naye pale pale. Nilitaka kulia na mimi, ila bosi alikuwa anatazama.

Jioni akaja mjomba wake mkubwa, mzee wa ukoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeona nini leo?"

"Sikuona kitu, mzee."

"Nimeuliza umeona nini."

"Povu, mzee."

"Povu." Akatikisa kichwa muda mrefu, mabega yanamcheza. (Mzee mzima! Naye alikuwa anacheka!) Akakohoa, akajiweka sawa.

"Tumekaa kujadili. Wengine tulitaka kukataa, na mimi nilikuwa mmojawapo. Lakini dada yangu amekusemesha wa kwanza kabla ukoo haujatoa ruhusa. Tena amekuita mwanangu, mbele ya akina mama wa mji mzima. Neno hilo likishatoka kwa mama wa binti, halina wa kulirudisha. Jibu la posa umeshapewa, ukiwa umekaa ndani ya maji. Sisi tumebaki kuitikia."

Skola akaruka kutoka kwenye ngazi. Mimi nikabaki nimeshika nguzo.

"Ila," mzee akasema, "mama amesema harusi iwahi. Hataki jambo hili lizeekee nje ya familia."

Kwa hiyo nimekubaliwa. Nashukuru Mungu. Lakini bado nimekasirika! Kwa sababu muda huu ninaoandika, akina mama wa ngoma ya kioda wako kule mwambani wanafanya mazoezi ya wimbo mpya. Kiitikio chake ni "Simama, mwanangu, maji ya magoti." Wameshaniahidi watauimba siku ya harusi mbele ya padre, na anayewaongoza ni mama mkwe.

Haya, nimemaliza. Kadi za mwaliko naandika mwenyewe, na kila anayecheka hapa namwona jina.