Choo Changu cha Uani na Ghorofa za Despina

Jumatatu, 3 Machi

Bango! Halmashauri imelibandika kwenye uzio wa Despina, jirani yangu wa kushoto. Nimelisoma huku najifanya namwagilia waridi. Despina anataka kuvunja nyumba yake na kujenga tatu za ghorofa kwenye kiwanja kile kile. Tatu! Mtaa huu tangu niuingie ni kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Sasa serikali ya jimbo imelegeza sheria eti kwa kuwa tuko karibu na stesheni ya treni, na wajane wa Kigiriki wamegeuka makandarasi.

Kumbe ndiyo maana Ijumaa alileta biskuti! Zile za unga wa sukari. Nimekula sahani nzima bila kujua nalishwa rushwa. Maureen, mke wangu, anasema Despina huleta biskuti kila Ijumaa, miaka thelathini sasa. Haswa. Huyu kajipanga siku nyingi.

Jioni Jodie, binti yetu, akapiga simu. Mwenye nyumba wake anauza, anamtaka atoke kabla ya majira ya baridi. Maskini, ni muuguzi hospitali ya hapa jirani, lakini kapanga kule reli inakoishia, maana huku hakuna nyumba anayoiweza. Mwanawe Winnie ana mwaka mmoja na ananijua zaidi kwenye simu. Leo kanibusu kupitia kioo cha simu. Iliniuma, sifichi.

Nikamwambia Jodie atulie. Nitavunja kile choo cha kale uani, niwajengee kijumba pale pale. Akauliza, "Lini, Baba? Ulianza kuniambia hivyo nikiwa na mimba." Nikamjibu: nikimalizana na Despina.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita mlango kwa mlango kukusanya saini za kupinga. Aibu tupu! Vijana wa nyumba ya kona wamesema watu wapate pa kuishi. Mwenye mbwa wawili kaniuliza kwani ghorofa zinauma? Aliyesaini ni Keith peke yake, yule mstaafu wa mwisho wa mtaa. Keith husaini chochote kile. Baadaye nikagundua asubuhi hiyo hiyo alisaini na karatasi ya Despina, ya kuunga mkono. Nimemwambia ni ndumilakuwili. Kasema asante.

Mchana nikaweka kiti nyuma ya pazia, darubini mkononi. Wakiniuliza, natazama ndege. Nikaona gari la Jodie limesimama mbele ya nyumba ya Despina! Kaingia na Winnie, wamekaa mpaka chai imepoa kwangu. Alipokuja huku nikamwuliza alifuata nini kule. Eti ndimu. Ndimu ziko wapi? Eti kazisahau. Maureen akaanza kukagua dari.

Hapa kuna namna. Kikulacho ki nguoni mwako. Ajuza yule ananinunulia damu yangu kwa biskuti.

Jumamosi, 8 Machi

Hoja ya maegesho! Hiyo haijawahi kushindwa. Nyumba tatu, magari sita, mtaa unajaa, gari la wagonjwa halipiti, watu wanakufa. Tatizo ni kwamba mtaa wetu mtupu kabisa. Kwa hiyo nimeujaza mwenyewe. Nikatoa pikapu, nikatoa gari la Maureen, nikatoa trela na boti yangu juu yake. Boti haijaonja maji tangu niinunue, lakini kwenye picha inajaza nafasi ajabu. Nikapiga picha kutoka pembe zote. Msongamano wa kutisha!

Nikaingia ndani kunywa chai. Kutoka, mkaguzi wa maegesho ameshapita. Faini kwenye pikapu, faini kwenye gari, faini kwenye boti. Nani kamwita? Nimemwona Despina akipalilia nyanya zake kwa utulivu mno. Mtu asiye na hatia hapalilii hivyo.

Maureen anasema aliyempigia mkaguzi ni yeye. Gari lake, alitaka kwenda dukani, boti ilimziba. Anamkingia kifua huyo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata dawa yake. Urithi! Jengo likitangazwa la kihistoria, hakuna wa kuligusa hata kwa nyundo ya kupigia misumari ya picha. Nyumba ya Despina ni ya zama za babu zetu. Nikamwalika mtaalamu wa majengo ya kale kutoka halmashauri, Daktari Philippa. Nilimpokea kwa chai na keki.

Akatazama nyumba ya Despina kutoka barabarani. Akatazama simba wawili wa saruji getini. Akatazama nguzo nyeupe, madirisha ya alumini na vigae alivyobandika marehemu mume wa Despina. Akasema hapo hamna urithi uliobaki, ila simba wamemfurahisha.

Akaomba kujisaidia kabla ya kuondoka. Maureen alikuwa bafuni, nikamwelekeza choo cha uani.

Hakutoka. Nikadhani bawaba zimekwama. Nikaenda kugonga. Akafungua mlango, macho yakiwa na machozi! Kiti cha mbao cha asili. Mnyororo wa kuvuta maji, wa tangu mabomba yalipofika. Nyuma, kile kilango cha chini walichokuwa wakipitishia ndoo, watu wa kuzoa kinyesi wakija kwa uchochoro. Akasema katika kazi yake yote hajaona kilichosalimika hivi. Akaniuliza nimekitunzaje. Nikamwambia kwa kutokigusa kabisa. Akasema laiti wenye nyumba wote wangekuwa kama mimi!

Maureen alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Wivu. Mimi nimejaza fomu zote alizonipa. Mtaa wenye choo cha kihistoria utajengwaje ghorofa pembeni yake?

Jumatatu, 17 Machi

Nimeongeza kipengele kwenye pingamizi, endapo urithi utateleza. Madirisha yote yanayotazama uani kwangu yawekwe vioo vya ukungu visivyopitisha macho, yasifunguke milele. Mtu gani mwenye haya atakaa dirishani kumchungulia jirani yake? Nililiandika hilo nikiwa kwenye kiti changu nyuma ya pazia. Despina alikuwa na Jodie tena, wanapima ardhi kwa hatua, Winnie kabebwa mgongoni. Walipoingia nyuma ya mti wa ndimu sikuwaona tena. Mti huo nao unastahili kuchunguzwa.

Jumatano, 26 Machi

Mkutano wa halmashauri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nilimwambia Maureen tukiwa njiani, na leo Despina anaingia. Maureen akasema ngoja tuone nani atalowa.

Ukumbi umejaa. Jodie naye yupo na mtoto. Nikafurahi, binti kaja kumwunga mkono baba. Nikashangaa tu kakaa ubavuni mwa Despina.

Nilisema vizuri sana. Nilisema juu ya jua litakalozibwa, juu ya boti, juu ya choo. Nilisema hatujui ni watu wa namna gani watakaohamia humo, wapangaji, watu wa kupita, wasio na mizizi hapa. Jodie akainamisha kichwa. Nikadhani hotuba imemgusa.

Kisha akasimama Despina. Alisema maneno machache tu. Amezeeka, nyumba kubwa inamshinda, lakini mtaa haumshindi. Nyumba moja yake. Moja ya mpwa wake. Ya tatu, ile ya nyuma, ya mama kijana na mtoto, kwa kodi anayoiweza. "Kazaliwa mlango wa pili," akasema. "Mizizi gani tena, jirani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatafuta kichwani ni jirani gani mwingine ana binti mwenye mtoto. Hakuna.

Nikamwuliza Jodie kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba, ungepinga." Nikamwambia nisingepinga! Akanionyesha tu ukumbi kwa kidole.

Wamepitisha. Na wamenikubalia mawili, sikurudi mikono mitupu. Choo changu kimewekewa ulinzi, marufuku kuvunja, kuhamisha wala kujenga mbele yake. Na vioo vya ukungu, vyote, upande wote wa kwangu.

Kwenye gari ndipo nikakumbuka: choo hakivunjwi. Kijumba cha Jodie ndiyo basi tena. Maureen akauliza kama bado natafuta aliyelowa.

Jumapili, 12 Julai, mwaka uliofuata

Baridi kali. Jodie amehamia jana ile nyumba ya nyuma ya Despina, baada ya mwaka mwingine wa kupanga mbali. Kazini anakwenda kwa miguu. Nyumba inapendeza, hilo nawaachia, ingawa kuna jambo halijakaa sawa na nimelinusa mapema.

Asubuhi nilikuwa uani napangusa choo, maana Daktari Philippa hupita kukagua bila hodi. Nikasikia, "Babu!" Winnie! Anasema sasa, tena sauti ya kengele. Nikageuka. Dirisha lote la ukungu. Nikaona kivuli tu, kikaja karibu, kikawa kiganja kidogo kimebandikwa kiooni. Nikapunga mkono. Nikapunga yote miwili. Akaita tena, "Babu yuko wapi?" Hanioni! Nikaenda mpaka kwenye uzio nikaweka kiganja changu hewani, usawa wa chake. Kikaondoka.

Nimekaa juu ya kile kiti cha mbao cha kihistoria, nimelia kidogo. Mwaka mzima nilimbusu kwenye kioo cha simu, nikajua yataisha, na sasa kioo tena.

Maureen akanikuta. Akasema lango la Despina liko wazi, biskuti zimetoka jikoni, mtoto ananiulizia, nizunguke tu. Kuzunguka! Nikipita lango lile ndiyo nimekubali ghorofa. Thubutu! Akashusha pumzi, akaenda peke yake. Nawasikia wanacheka humo ndani, na harufu ya sukari inanifikia.

Lakini nimewaza, na nimemgundua. Ni mtu wa roho gani anayeziba dirisha ili mtoto asimwone babu yake? Vioo hivyo havikujiweka. Nyumba ni ya Despina, vioo ni vya Despina. Mpango wote tangu biskuti ya kwanza ulikuwa huu!

Kesho napeleka pingamizi halmashauri. Vioo vya ukungu ving'olewe vyote. Nimeshaanza kukusanya saini. Keith amesaini tayari.