Mkwe Ndani ya Mashua

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Matema.
Nimefika na hasira na sioni sababu ya kuishusha. Jana nililala Bondeni kwa wifi yangu Hosiana, dada wa mume wangu. Sebuleni ametundika picha mpya: yeye, miwani ya maji usoni, mtungi wa hewa mgongoni. Alizamia Nkhata Bay alipokwenda Malawi kufuata sabuni za kuuza. Kila mgeni anaonyeshwa. Kila mgeni anaambiwa wifi yake wa Mbeya anaogopa hata maji ya beseni. Wifi huyo ni mimi. Jumapili mwanawe anapata kipaimara na ukoo mzima utakaa chini ya picha ile. Sikubali. Nina likizo ya siku kumi, ya mwisho kabla shirika letu halijauzwa. Nitazamia na nitapigwa picha kubwa kuliko yake.

Jumanne, 13 Agosti.
Wazamishaji wako wawili. Kampuni kubwa ina mashua ya faiba, wageni wanane kwa safari, majaketi ya kuokolea na fomu ya kurasa nne. Fomu inauliza kama ninajua kuogelea. Sijui. Nimeandika ndiyo. Mtu mzima haulizwi maswali kama hayo.
Mdogo ni Lazaro, aliyekuwa akiwavulia wafanyabiashara samaki wa mapambo. Ana mtumbwi wa injini na mitungi miwili, basi. Anasema mgeni wake ni mmoja tu, naye humshika mkono mpaka mwisho. Nimemcheka. Nimechukua kubwa.

Jumatano, 14 Agosti.
Somo la kwanza ni ndani ya mashua. Nimeinua mguu nipande, nikaona mtu wa kofia ya kampuni anakunja kamba, kanipa mgongo. Mgongo ule naujua. Baba mkwe! Wamemwajiri juzi kulinda mashua.
Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hakai naye chombo kimoja, jina lake halitaji. Mimi silitaji hata humu. Nimekimbilia migombani, kitenge kimechanika. Mzee ana mpunga na kakao Busale, ajira ya nini? Nasikia kazi katafutiwa na Hosiana. Nilijua tu.

Alhamisi, 15 Agosti.
Nimewaeleza wageni wote wa hosteli kwamba kampuni kubwa huwapakia watu kama dagaa, na mwenye akili huchagua mdogo. Nimempa Lazaro jina langu. Hakuuliza kama ninajua kuogelea. Huyo ndiye mtaalamu.

Ijumaa, 16 Agosti.
Nimezamia. Kwa kamba ya nanga, mkono mmoja kwa Lazaro, mkewe Marta juu na kamera yangu. Samaki wa buluu, wa manjano, wamejipamba kuliko mimi. Wameniudhi.
Tumeanza kupanda juu ya maji. Kumbe injini imekufa, Marta kapunga kanga, na mashua ya kampuni imekuja kutuvuta. Kichwa kimetoka majini, nikakutana macho kwa macho na baba mkwe. Nikarudi chini. Lazaro akanionyesha saa ya hewa: mshale umefika kwenye nyekundu. Nikapanda, nikaiona kofia, nikarudi tena. Mara ya tatu Lazaro alinisukuma juu kama gunia la mpunga.
Mzee hakuwepo tena. Alikuwa amejifunika jaketi kichwani na kuruka majini upande wa pili, na viatu vyake. Mimi nikapakiwa katika mashua ya kampuni. Yeye alivutwa nyuma kwa kamba mpaka Matema, kanipa mgongo njia nzima. Wazungu waliokuwa mashuani wakapiga picha. Hakuna aliyenipiga mimi.

Jumamosi, 17 Agosti.
Studio ya Kyela. Picha ya Marta imetoka moja tu. Mimi simo. Kuna kofia inaelea na miguu miwili ya mzee hewani.

Jumapili, 18 Agosti. Bondeni.
Kipaimara. Nimekaa jikoni, mzee uani, amejifunika blanketi, anakohoa. Hosiana ameiomba ile picha akaitundika kando ya yake. Wageni wamecheka mpaka wali ukapoa.
Jioni mama mkwe amekuja jikoni. Amesema mzee ameacha kazi. Amewaambia kampuni hawezi kulinda mashua ambayo mkwe wake anatamani kuipanda, bora mtoto wa watu amalize likizo yake kwa amani. Mshahara ule ulikuwa wa bati za nyumba. Mama mkwe ameniomba nikae chini nifikirie. Nimemjibu ndaga, asante mama.
Nimekaa chini. Nimefikiria sana.
Kwa hiyo mashua sasa haina mkwe. Bado nina siku tatu, na mkobani nina fomu ya akiba. Nimeijaza hapa hapa jikoni. Panapouliza kama ninajua kuogelea, nimeandika: sana.