Taji Kabla ya Mafuta

Jumatatu, 9 Machi

Hatari! Kitabu cha kutawazwa kwa mfalme kikiisha, Bwana Thevenin atabakiza mchoraji mmoja tu karakanani. Ni mimi au Perronelle. Perronelle ana mkono mwepesi, na ukoo wake mzima ni wachoraji. Mimi nina akili. Atakayechora ukurasa wa mfalme akipakwa mafuta matakatifu ndiye atakayebaki. Bwana hajasema ni nani. Mimi sisubiri kuambiwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimeweza! Kwetu hapa Paris dhahabu hutangulia, rangi hufuata, na aliyeweka dhahabu ndiye mwenye ukurasa. Wenzangu walipokwenda misa nikabandika taji la dhahabu kichwani mwa mfalme wa ukurasa ule, nikaling'arisha kwa kulisugua na jino la mbwa, kama wafanyavyo mafundi wote. Taji la kutosha vichwa viwili! Perronelle alilitazama, akatabasamu tu. Wivu. Chakula ni samaki wa chumvi tena, Kwaresima haina huruma, lakini leo hata huyo alikuwa mtamu.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa. Kaja Padre Gaucher, mkaguzi kutoka ikulu. Akauliza nani kamvika mfalme taji kabla ya mafuta.

"Mafuta hupakwa kichwani, mwanangu," akaniambia. "Sasa hapa yapite wapi?"

Nikapendekeza yapite pembeni. Hakucheka mtu. Kukwangua dhahabu hakuwezekani, ngozi ya ukurasa itatoboka. Bwana akaniita jina ambalo siwezi kuliandika katika Kwaresima.

Ijumaa, 13 Machi

Perronelle kaokoa ukurasa! Mfalme wangu kamwotesha ndevu, kamgeuza mtawala wa jimbo aliyesimama kutazama; hao huvaa mataji yao hata kanisani. Mbele yake kamchora mfalme mpya aliyepiga magoti, kichwa wazi. Padre kafurahi mno. Nikamkumbusha Perronelle kwamba bila taji langu asingepata huyo mtawala.

"Ahsante, Kaka Colart," akasema. "Ila ukurasa ujao, soma kwanza maelezo yaliyoandikwa pembeni."

Bwana kasema huu wa sasa una mikono ya watu wawili, hauamui kitu. Ukurasa ujao ndio utakaoamua. Bado nimo!

Jumamosi, 14 Machi

Nimewahi kabla Perronelle hajafika. Na nimesoma kwanza, neno kwa neno. Ukurasa huu unarudi nyuma, asubuhi kabla ya sherehe: maaskofu wanaingia chumbani, wanamkuta mfalme kitandani, wanamwinua kumpeleka kanisani. Hakuna popote palipoandikwa kwamba alilala bila taji. Dhahabu imeshakauka. Imependeza sana juu ya mto wa kulalia.