Vipimo vya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha familia. Mama mkwe, tangu apate kiharusi, amelala chumba cha nyuma akitazama ukuta. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amesema anahitaji kiti cha magurudumu ambacho mgongo wake unalala, maana akikaa wima kizunguzungu kinamshika na mwili unateleza. Akikipata, atakaa barazani asalimiane na watu. Mama hataki kingine duniani. Nani atakwenda kukichagua? Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akakohoa kujiandaa kusema. Nikamwahi! Mwaka huu sifa za ukweni ni zangu. Na mama akishalala mchana, kiti si kitakaa bure sebuleni, mbele ya televisheni? Mpira nitautazama nimejilaza.

Jumanne, 7 Mei

Dukani. Muuzaji akataka vipimo vya mgonjwa: urefu wa mgongo, urefu wa paja, upana wa nyonga. Nyonga! Za mama mkwe! Mimi ambaye hata kikombe cha chai nampa nimeinamisha macho. Akasema basi nimuulize mwenyewe. Huyu hajaoa. Nikajaribu kiti kikubwa kuliko vyote. Nikavuta mpini, mgongo ukashuka taratibu, miguu ikapanda. Raha tupu. Usingizi ukanipitia. Muuzaji aliniamsha akitaka kufunga duka.

Jumatano, 8 Mei

Mwanyumba kaja eti kumjulia hali mama. Hali gani! Kaja kupeleleza. Akauliza kama nimepima. Nikasema nimepima kwa jicho. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa vipimo lazima vipatikane. Nikalivizia gauni la mama kwenye kamba ya nguo, nikalizungushia futi kamba. Jirani akachungulia. Nikamweleza kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Akasema "ehee", ile ya kuvuta. Kabla sijafika mlangoni mke wangu alikuwa ameshapata habari, tena na nyongeza. Gauni lenyewe ni la kujiachia, lakini vipimo ni vipimo. Vimelingana kabisa na kile kiti kikubwa. Bahati iliyoje! Nimekinunua.

Alhamisi, 9 Mei

Kiti kimefika. Kinang'aa. Kimegoma kuingia mlango wa chumba cha mama. Nikashauri tubomoe fremu. Mwanyumba akapima mlango kwa shubiri huku akitabasamu. Mnafiki mkubwa. Tukambeba mama mpaka sebuleni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akaiona barabara, akamwona fundi viatu akipita, akainua ule mkono wake mzima kumsalimia. Kisha akaanza kuteleza. Tukamweka sawa, akaangukia upande wa pili. Akauliza, kwa adabu zake zote, mwenzake wa kukaa naye humo yuko wapi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tulipomrudisha kitandani aligeukia ukuta, na mimi roho iliniuma kweli. Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Mama kaniita. Kwa nini sikumuuliza yeye? Nikasema ni heshima, mama. Akasema heshima yangu ndiyo iliyomrudisha ukutani. Akaamuru mke wangu ampime, na mimi nisimame nyuma ya pazia na simu, nimtajie vipimo muuzaji, ambaye amekubali kutubadilishia. Mgongo, sawa. Paja, nikalitaja kwa kunong'ona. Tukafika penyewe. Nikasema hizi sasa ni sentimita za pale. Pale wapi, akauliza muuzaji. Pale pa kukalia. Akataka kujua kama ni upana wa kiti au wa mtu. Nikasema wa mheshimiwa. Jasho linanitiririka! Mara sauti ya mama, ambayo tangu augue hatujaisikia ikipaa hivyo:

"Mwambie nyonga, baba! Nyonga!"

Kwa jirani redio ilizimwa ili wasikie vizuri.

Jumapili, 12 Mei

Kiti kipya kimepita mlangoni bila kugusa popote. Mama yuko barazani tangu asubuhi, mgongo umelazwa kidogo, mto shingoni, anasalimia kila mpita njia na kumuuliza habari za nyumbani kwake. Nilimsikia akiwaambia wageni kwamba mkwe wake ana haya kupita kiasi, lakini moyo anao. Na mwanyumba alisikia! Nilienda chooni nikalia kidogo kwa furaha. Kiti hakishuki barazani mpaka jua lizame. Mpira nimeutazama nikiwa kwenye stuli.

Jumanne, 14 Mei

Mtaalamu amefurahi. Anasema mama sasa aanze kujaribu kusimama, ila apatiwe viatu maalumu vya kukaza vifundo. Mwanyumba akafungua mdomo. Nikamwahi! Dukani wakaniuliza namba ya mguu. Mguu wa mama mkwe mimi nitaushikaje? Lakini safari hii sikubahatisha, wala sikugusa nguo ya mtu kwenye kamba. Nimevivaa mwenyewe, nikatembea navyo dukani mbele na nyuma mpaka nikaridhika. Vimenikaa barabara.