Kinyozi na Wimbo Namba Sita

Jumapili, 25 Aprili 1965. Afula

Sikukuu ya Pasaka imekwisha, mkate wa chachu umerudi mezani, na mimi hamu ya kula sina. Binamu yangu Naim, anayepika chai redioni kule Yerusalemu, kalala kwetu sikukuu nzima. Leo, mguu mmoja tayari uko ndani ya basi, ndipo akaona vema kunipa habari. Mashindano ya wimbo wa Kiebrania: nyimbo zimeshachujwa. Kutoka Afula umepita mmoja tu. Namba sita. Wa nani? Hajui; orodha aliyoiona ina miji tu. Majina ya watunzi hufichwa mpaka kura zihesabiwe. Basi likaondoka.

Mmoja tu! Na watunzi mjini ni wawili: mimi, Sasson Kahtan, kinyozi na mpiga udi, na Mwalimu Faibish, Mromania wa piano, anayeuita udi wangu sufuria yenye nyuzi. Hajasema kama alituma. Lakini mtu mwenye piano na kiburi anaachaje kutuma?

Adhuhuri nikamwona kwa fundi cherehani akipimwa suti. Suti, katika joto hili! Kesi imekwisha. Ni wake.

Kwa hiyo wimbo wangu umekufa. Nilimtungia kwa siri mke wangu, Nazima, na lile jiko la mafuta aliloliwasha hemani mwaka ule wa mvua, tulipofika nchini. Udi wangu ulibaki uwanja wa ndege Baghdad. Nazima akauza bangili moja kati ya mbili za mama yake pale kambini kwa wahamiaji ili nipate mwingine, na nyumbani hatukuwa na kitu ila samaki wa kopo. Nilitaka ajisikie redioni, basi. Nilitaka hicho tu.

Jumanne, 27 Aprili

Sitalia. Nitapanga.

Usiku wa kufunga Siku ya Uhuru watu hukaa kwenye kumbi za miji, husikiliza mashindano redioni na kupiga kura. Mwaka huu ukumbi wetu wa sinema ni mmojawapo. Faibish anangoja kushangiliwa na mji wake? Mji wake utamnyima!

Mpango ni huu: kunyoa bure. Sharti: pigia kura wimbo uutakao, isipokuwa namba sita. Kila mteja anaapa mkono ukiwa juu ya wembe. Buzaglo seremala akauliza, je, wimbo ukiwa mzuri? Nikamjibu kwamba uzuri haumhusu mtu aliyekwisha kunyolewa.

Ijumaa, 30 Aprili

Mkono umevimba. Mji mzima una visogo vipya. Wenye upara nao wakaja kudai haki yao, nikawapaka manukato. Mama wa duka la samaki akasema yeye hanyoi, kwa hiyo haapi. Nikampelekea mtungi wa achari ya embe ya Nazima. Nazima akauliza achari imekwenda wapi. Nikasema paka. Akasema paka wa Afula wamestaarabika sana siku hizi, wanafungua hadi vifuniko.

Kisha akaingia Faibish mwenyewe! Akaomba anyolewe vizuri, ana shughuli. Shughuli! Nikamnyoa. Sikumkata, namshukuru Mungu kwa hilo. Alipotaka kulipa, ulimi uliozoea ukasema leo bure. Akanitazama, akasema kumbe wewe ni mtu mwema, Sasson. 

Jumatatu, 3 Mei

Nimemwapisha na Nazima. Akauliza namba sita imenikosea nini. Nikasema ni mambo ya muziki. Akaapa bila kuinua macho kwenye unga.

Ijumaa, 7 Mei

Naandika kabla Sabato haijaingia. 

Jana ukumbi ulifurika. Mbegu za alizeti, watoto mapajani, na visogo vyangu mstari baada ya mstari, safi kabisa. Redio jukwaani. Faibish mbele, ndani ya suti yake, jasho linamtiririka. Nyimbo tano zikapita. Zote nikazipigia makofi kwa moyo mkunjufu.

Sita. Filimbi, vinanda, mwendo wa walzi, ile dansi ya Kizungu. Nikacheka kwa sauti: piano tupu hiyo! Kisha mwanamke akaanza kuimba juu ya mvua, hema, na jiko linalowaka mikononi mwa mwenye bangili moja.

Wangu! Wamemvalisha mwanangu nguo za watu, lakini ni wangu!

Nikaruka. Nikapita mstari kwa mstari nikinong'ona sita, pigeni sita! Buzaglo akanishika shati. "Wewe vipi? Tumeapa juu ya wembe, leo unatutaka tuvunje kiapo?" Mama wa samaki akaniambia nikae chini, ninawaharibia wimbo. Nikakaa. Sakafuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimechimba hadi majini.

Kila wimbo huimbwa mara mbili, na waimbaji wawili. Ahsante kwa aliyebuni desturi hiyo! Mara ya pili aliimba mwanamume, polepole, na gitaa peke yake. Alipomaliza, Faibish akasimama. Nikafumba macho.

Alikuwa analia waziwazi. Akasema naye alikaa hemani kambini; kumbe alikuwa jirani yetu. Akasema marehemu mkewe aliazima moto kwenye jiko kama hilo, kwa mwanamke wa Baghdad, wala hakuna siku aliyonyimwa. "Mimi sijatunga wimbo hata mmoja maishani," akasema, "lakini huu, ningetoa piano yangu niwe nimeutunga mimi."

 Kisha Buzaglo akajipapasa kisogo. "Ah! Nywele zitaota tena," akasema, akachukua kalamu. Wakamfuata wote.

 Nazima alipokwisha kupiga kura akaniinamia. "Baba Salim, nimevunja kiapo." Nikamwuliza kwa nini. "Lile jiko lilikuwa langu," akasema. Akanishika mkono uliovimba, hakuuachia mpaka matokeo. Namba sita: nafasi ya nne nchi nzima! Mtunzi, Sasson Kahtan wa Afula! Sijui nani aliniinua. Nakumbuka tu kwamba Nazima alikuwa anaimba, na tangu kambini sikuwa nimemsikia akiimba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Buzaglo, mama wa samaki, hata Naim mvivu wa kuuliza. Zaidi ya wote namshukuru Faibish. Suti, kumbe, ni ya harusi ya binti yake.

Jumapili, 9 Mei

Nimempelekea Faibish achari. Nikamwungamia yote. Akacheka hadi akashika piano asianguke. Akaniomba nipige udi harusini, yeye kwenye piano. Tukakumbatiana. Nimejifunza jambo na naliandika hapa nisilisahau: usimdhanie mtu vibaya kabla hujauliza. Nazima akasoma juu ya bega langu, akasema tuone.

Jioni. Buzaglo kapita. Anasema mjomba wa bwana harusi anakuja kutoka Haifa na kodiani, kile kinanda cha kuvuta kwa mikono. Kodiani! Faibish hakuniambia. Tena mtu huyo ameshaomba noti za wimbo wangu, na Faibish akamwambia Buzaglo asinifikishie habari hizo mpaka siku ya harusi. Kwa nini nifichwe? Mjomba anataka kuuiba, ni wazi. Maskini Faibish anatumiwa bila kujua, na mimi ananidai fadhila. Kumwuliza ni kumtia uchungu bure siku ya furaha yake.

Kesho nafungua mapema. Wageni wote wa harusi, kunyoa bure. Sharti ni moja: kodiani ikianza tu, wote wainuke wakale.