Mwisho wa Hadithi Uko kwa Kinyozi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku njema! Akili inachemka kama birika.

Asubuhi mkutubi, yule mama wa maktaba ya mtaa mwenye miwani ya kamba, alipita kinyozini kwangu akibandika tangazo. Wiki hii ni ya wazazi kusoma na watoto wadogo. Kila jioni familia zitakaa kwenye mikeka ukumbini, na mzazi mmoja atawasomea watoto hadithi. Jumamosi ndiyo kilele. Akaniambia kwa masikitiko kwamba wanaojitolea ni akina mama tu, akina baba wameingia mitini.

Nikamwambia asihangaike tena. Baba amepatikana!

Sikumtajia sababu. Sababu iko ng'ambo ya barabara, ina vioo ukuta mzima na taa za rangi. Ni kinyozi mwenzangu. Mtaani tunamwita Marashi, kwa kuwa hakuachii uondoke kabla hajakupulizia. Tangu afungue, wateja wangu wanavuka barabara mmoja mmoja kama kuku waliomwagiwa mtama upande wa pili. Mimi nina kiti kimoja, nacho hushuka chenyewe katikati ya kunyoa. Lakini nina sauti! Na ukumbini kutakuwa na vichwa. Vichwa vya watoto, vichwa vya baba zao, vyote vimetulia vinanitazama. Neema gani hiyo?

Mke wangu nilipomweleza akauliza kama nakumbuka kwamba binti yetu ananiomba nimsomee kitabu tangu wakati wa mvua. Binti huyo tunamwita Chiriku. Ana miaka mitano na mdomo wake haujui likizo. Nikajibu kwamba sasa atasomewa pamoja na mtaa mzima, bahati iliyoje. Mke wangu akaguna, akaniondolea sahani kabla sijamaliza.

Wivu, nadhani.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimewamaliza!

Mkutubi alinipa kitabu cha mbuzi aliyemeza ufunguo wa nyumba. Mchana nikasoma nusu ya kwanza, maana wateja hawakunisumbua. Nusu ya pili sikuisoma. Sikuihitaji. Mpango wangu ulikuwa na mwisho wake.

Jioni ukumbi ulijaa. Nikasoma kwa sauti tatu: ya baba, ya mama na ya mbuzi. Ya mbuzi ilimwamsha kichanga mmoja, akalia hadi akatolewa nje. Mvua inakuja, familia imekwama mlangoni, ufunguo uko tumboni kwa mbuzi, watoto wote wamejikunyata na kuachama. Hapo nikafunga kitabu. Pah! Nikatangaza kwamba mwisho wa hadithi utapatikana kesho kinyozini kwangu, kwa kila atakayenyolewa.

Kimya. Kimya cha heshima.

Mkutubi akanijia akasema si utaratibu wake huo. Nikamwambia ndiyo maana viti vyake huwa vitupu. Akaninyang'anya kitabu. Watu wa vitabu wana hisia nyepesi.

Njia nzima Chiriku alikuwa ananivuta shati. "Baba, ufunguo ulitoka? Baba, ulitokea wapi?" Nikamwambia naye aje kinyozini kama wenzake. Sheria ni msumeno.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Foleni! Mlangoni kwangu! Marashi alitoka mara mbili kutazama, akajifanya anapangusa kioo.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori na wanawe watatu. Nikawanyoa wote, vipara safi. Nilipomaliza wakabaki wamekaa. Baba mtu akasema haya, mwisho.

Hapo nikakumbuka kwamba siujui.

Nikawaomba dakika moja, nikatoka mbio hadi maktaba, shuka la kunyolea begani. Mkutubi akasema kitabu kimeazimwa. Na nani? Na Marashi! Yule mtu hana haya.

Nikarudi. Watu wakanikodolea macho. Basi nikasimulia: alipita kinyozi hodari, akamnyoa mbuzi ndevu, na ufunguo ukaanguka kutoka ndevuni. Ulikuwa umenasa humo muda wote. Familia ikaingia ndani, mvua ikanyesha, kinyozi akashukuriwa. Dereva akauliza ufunguo uliomezwa umefikaje ndevuni. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo fasihi.

Mkono umekufa ganzi kwa kunyoa. Raha tupu.

Jioni Chiriku akaja, nikamsimulia naye, bure, kwa kuwa ni damu yangu. Akasikiliza kwa makini kama hakimu. Akauliza kama ni kweli kabisa. Nikamwambia baba yake hajawahi kusema uongo. Akaondoka kifua mbele.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Hila za adui.

Marashi ametandika mkeka mbele ya duka lake na anasoma kitabu kile hadharani, hadi ukurasa wa mwisho, bila kumnyoa mtu. Ana mwisho wake tofauti na wangu. Watoto wamegawanyika makundi mawili. Asubuhi walikuwa wanazomeana, mchana wakarushiana maganda.

Mama mmoja alikuja na mapacha wake, vichwa vyao kama mayai mawili. Akasema watoto hawakulala, wenzao wamewaambia kwamba wamedanganywa. Akataka mwisho wa kweli. Nikamweleza kwa upole kwamba nywele zikiota tena, wakaribie. Maneno aliyonijibu siyaandiki humu, daftari hili ni la heshima.

Nikamwita mtoto mmoja nje, nikamuuliza kwa kunong'ona mwisho wa Marashi ni upi. Akasema nivuke tu barabara nikasikilize, ni bure. Mimi? Nikae kwenye mkeka wa Marashi? Bora nife mjinga.

Kupitia dirishani nikamwona Chiriku amekaa pale mstari wa mbele, mikono mashavuni, ametulia tuli. Nikahisi kitu kimenibana kifuani. Kiungulia. Nimekunywa maji.

Aliporudi hakusema lolote kwa muda mrefu. Chiriku, kunyamaza! Halafu akaniambia kwamba wenzake wananiita mwongo. Nikamwambia asijali, ukweli ukichelewa hufika tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimepata dawa ya Marashi. Nashangaa kwa nini sikuifikiria mapema.

Mgeni rasmi wa kesho ni mwenyekiti wa mtaa. Atakaa jukwaani, chini ya taa, familia zote zikimtazama. Na mwenyekiti ana nywele! Nyingi, za kijivu, zimetapakaa kama ukoka. Nikamfuata ofisini kwake, nikamweleza kwamba kiongozi anayehamasisha watoto kusoma hawezi kupanda jukwaani hivyo. Akajishika kichwa. Akakubali kuja kwangu asubuhi na mapema, kabla ya sherehe.

Kichwa cha mwenyekiti ni tangazo linalotembea. Marashi afunge virago.

Nimenoa wembe, nimepaka mashine mafuta, nimekipiga kiti msumari kisishuke. Nikafunga mlango kwa kufuli kubwa, ufunguo mfukoni.

Chiriku alileta kitabu kitandani, kingine, cha kobe. Mke wangu akanitolea jicho. Nikawaambia kesho, leo nalinda sauti. Huenda wakanipa nafasi ya kusema machache jukwaani.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Siku ndefu. Naandika nikinuka mbuzi.

Niliamka, suruali ipo, ufunguo haupo. Nikapindua mito, nikapindua godoro, nikamshutumu paka. Ndipo Chiriku akaingia analia, akiwa na mkasi wa mama yake mkononi na nywele nyeupe kiganjani. Ndevu.

Maelezo yake yalikuja kwa kwikwi. Alichukua ufunguo mfukoni mwangu, akauficha ndani ya ndizi, akamlisha beberu wa fundi viatu, jirani yetu. Watoto wote wakishuhudia, makundi yote mawili! Kisha akamnyoa beberu ndevu ili ufunguo uanguke, kila mtu aone kwamba baba yake si mwongo.

"Ndevu zimeisha, baba," akasema, "na ufunguo haujaanguka."

Nilitaka kugomba. Kiungulia tena. Nikamfuta machozi, nikamwambia amenyoa vizuri, hasa upande wa kushoto.

Halafu nikakimbia. Mwenyekiti alikuwa tayari mlangoni kwangu, taulo shingoni, anatazama saa. Nikamwomba subira kidogo. Nikaenda kwa fundi viatu, mlango wa pili tu, nikachuchumaa nyuma ya beberu wake na beseni.

Nikampa maji. Nikampa papai. Nikampapasa tumbo na kumsemesha kwa sauti ileile ya Jumanne. Akanitazama bila ndevu, mnyonge, akatafuna mkanda wa kiatu changu. Fundi viatu alikuwa anauliza tu ni nani amemtia beberu wake aibu hii, nami nikasema mitindo inabadilika. Mwenyekiti akatufuata, akasimama juu yetu.

Chiriku naye hakutulia. Ananigusa bega, eti kwenye kitabu, yule mama... Nikamwambia wakati wa vitabu si huu. Ananigusa tena, eti baba, yule mama alikuwa na... Nikamtuma akalete papai jingine. Bega likaguswa tena mara mbili, nami bila kugeuka nikaagiza papai.

Mwenyekiti akakunja taulo, akavuka barabara. Muda si muda nikasikia kutoka kule, pssss, anapuliziwa.

Ukumbini nilifika nimechelewa. Watu wakanipisha. Wakanipisha sana, mstari mzima. Jukwaani mwenyekiti ameketi anang'aa na kunukia. Mkutubi alikuwa anasoma kitabu cha mbuzi na amefika kurasa za mwisho, na watoto wote walikuwa wanasoma naye kwa pamoja, wameshazikariri. Kumbe katika kitabu yule mama alikuwa na ufunguo wa pili, ameufunga kwenye pindo la nguo yake tangu mwanzo. Wote walikuwa wamemkazania mbuzi, hakuna aliyemuuliza mama.

Nikageuka polepole kumtazama mke wangu. Akafungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake, akanionyesha ufunguo. Wa kinyozini. Akasema anao tangu siku tuliponunua kufuli, zilikuja funguo mbili.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Baba Chiriku," akasema, "asubuhi nimekufuata mara mbili. Ulinituma papai."

Kweli. Nilidhani ni Chiriku.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mkutubi akaniita kwa jina la kazi yangu mbele ya watu. Akasema hajaona wiki kama hii tangu aanze kazi. Watu walioshindwa kujua mwisho wa hadithi walifurika maktaba, akina baba wakagombea nakala moja, na walioikosa wakaondoka na vitabu vingine kuliko kutoka mikono mitupu. Dereva wa lori sasa anawasomea wanawe kila jioni kabla hajaingia barabarani. Akasema yote hayo yalianzia kwa kinyozi aliyefunga kitabu, ingawa anamwomba asirudie tena maishani.

Makofi! Hata Marashi alipiga, akaja akanipa mkono, akaniambia beberu hakunyolewa vibaya. Chiriku akapanda magotini kwangu mbele ya kundi lake na lile jingine, akakaa palepale na harufu yangu yote, hakuziba hata pua.

Nimewashinda. Hakuna namna nyingine ya kuuelewa mchana huu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Ufunguo umefika. Fundi viatu ameuleta juu ya koleo, akauacha mlangoni bila salamu.

Habari kubwa ni nyingine. Mkutubi ametangaza kwamba mwezi ujao ni zamu ya mababu na mabibi kuwasomea wajukuu. Tena hadithi itasomwa na babu mmoja tu, bora kuliko wote, jukwaani. Marashi ana babu yake wa kumleta, mzee mwenye sauti nzito. Mimi sina babu. Wangu wametangulia mbele ya haki.

Lakini mimi ni kinyozi! Nywele ni zangu kuziamuru. Poda ya mtoto ipo, ndevu sijanyoa tangu Ijumaa, na fimbo nitaazima. Mkutubi aliniomba nisirudie, yaani mimi, kinyozi. Babu hakumtaja.

Jioni nikajaribu mbele ya kioo. Poda kichwani, poda ndevuni, poda kwenye nyusi. Mgongo nikaupinda. Mke wangu akafungua mlango, akaona, akaufunga tena bila kuuliza.

Akaja Chiriku na kitabu cha kobe. Jaribio kamili! Nikaketi, nikakohoa. Akanitazama juu hadi chini, akanishika magoti kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kutetemeka. Akaniuliza baba yake yuko wapi. Nikamjibu kwamba baba yake ana shughuli nyingi, mtu mkubwa yule. Akafikiri kidogo, akapanda kiti cha pembeni yangu, akaniwekea kitabu mapajani. Akasema basi nimsomee mimi, maana baba huwa hafiki mwisho.

Nikasoma. Ukurasa kwa ukurasa, hadi wa mwisho, kwa ajili ya mazoezi tu. Aliniegemea, akanirudisha kurasa mbili nilizotaka kuziruka, na kobe alipofika kwake akapumua kama aliyetembea naye.

Alipoteremka kwenda kulala akanipangusa poda puani kwa kidole, akasema asante baba.

Babu, alitaka kusema. Ulimi umemteleza, ana usingizi. Mtoto wangu mwenyewe, na hakunitambua hata kidogo! Marashi amekwisha.