Kundi la Wazuiwa

Jumatatu, 3 Machi
Miaka tisa naihudumia seva ya ofisi hii. Miaka tisa! Leo Mkurugenzi katangaza nafasi ya mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kina watu wawili: mimi, na yule dada aliyekuja mwaka jana, ninayemwita Kimya kwa kuwa hasemi. Barua za maombi ziwekwe kwenye folda ya Ajira ndani ya seva, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Karatasi hazipokelewi. Kimya kasema naye ataomba. Kasema kwa upole, na huo ndio ubaya wake.

Tatizo ni kwamba nilishamwambia mama mkwe kuwa nafasi nimeipata. Anakuja Jumamosi kunipongeza.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Seva yetu inatoa ruhusa kwa makundi. Ukiwa kundi la Wahasibu, unafungua mafaili ya wahasibu, basi. Nimeunda kundi jipya, nikaliita Wazuiwa, nikalikataza kugusa folda ya Ajira. Kumtia Kimya humo kwa jina lake ni kuacha ushahidi. Kwa hiyo nimelitia kundi zima la Wasaidizi, ambamo yumo. Wasaidizi wengine walishaacha kazi.

Nikaenda kula nikiwa na raha. Kabla ya kuinuka nilitoka kwenye akaunti yangu, kama lisemavyo tangazo nililobandika mwenyewe mlangoni. Kimya halifuati. Kompyuta yake iko wazi tangu jana asubuhi. Hana nidhamu.

Jumatano, 5 Machi
Folda ya Ajira imenikatalia. Huna ruhusa, inasema. Mimi! Nimebadilisha waya. Nimezima na kuwasha mara sita. Nimeipitia orodha: kundi la Mafundi lina ruhusa zote, na mimi ni Mafundi.

Kimya anaingia bila shida. Kasema barua yake kaiweka jana mchana, akauliza kama na mimi tayari. Nimemjibu sina haraka. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu dada kanihujumu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemshtaki Kimya kwa Mkurugenzi kwamba kaichezea seva. Mkurugenzi kasema kesho saa tatu tuichunguze sote watatu. Safi kabisa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu mpango wote. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia hapa hatuzungumzii visima. Akauliza kwa nini nisimwambie mama yake ukweli kabla hajapanda basi. Naogopa, na nakiri humu tu. Nina miaka arobaini na minne, na mama mkwe bado ananiita yule kijana wa waya.

Ijumaa, 7 Machi
Dakika tatu. Kimya hakugusa waya hata mmoja. Aliuliza tu jina langu limo kwenye makundi mangapi.

Kumi na saba. Mwaka wangu wa kwanza nilijitia kwenye kila kundi ili nisipitwe na jambo: Wahasibu, Madereva, hata Kamati ya Akina Mama. Na Wasaidizi.

Akaeleza polepole, kama anayemfundisha mgeni wa kazi. Katazo moja linashinda ruhusa zote. Halafu seva inayakagua makundi yako pale tu unapoingia. Yeye hakuwa ametoka tangu Jumatatu, kwa hiyo katazo halikumgusa. Mimi nilitoka, nikaingia tena, nikanaswa. Tangazo langu mwenyewe!

Mkurugenzi akauliza nani kaliunda kundi hilo. Skrini ikamjibu: jina langu, Jumanne, saa tano na dakika arobaini. Nikasema yalikuwa majaribio ya usalama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Kimya akasema, kaka, ngoja nikutoe humo, uweke barua yako kabla ya saa nne. Mkurugenzi akamwambia asijisumbue. Wema wa yule dada umeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja na saa ya ukutani, zawadi ya ofisi yangu mpya. Mke wangu akamwambia ukweli. Mama mkwe akairudisha saa mkobani, akauliza kama huyo mkuu mpya anayo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari siku nzima. Kosa langu nimeliona: lilikuwa jina. Kundi ukiliita Wazuiwa, nani hatalishuku? Jipya nitaliita Marafiki, na nitalikataza kugusa folda zote.

Kimya, mkuu mpya, atanipunguzia makundi kesho saa mbili. Mimi nitafika saa moja. Tangazo la mlangoni nitaliandika upya, kwa herufi kubwa zaidi, ili safari hii na yeye atoke na kuingia. Kisha namtia Marafiki. Ila nitajitia mimi kwanza. Kundi ambalo simo nitajuaje yanayoendelea ndani yake?